Angani Hakuna Kona

Siku hizi mtu akinieleza umbali wa mahali kwa saa, namuuliza hizo saa kazipata wapi. Wengine hucheka wakidhani natania. Sitanii. Tangu msiba wa mama nina ugomvi wangu na zile kurasa za mtandaoni ambazo ukiandika jina la uwanja mmoja wa ndege na la mwingine, zinakuchorea mstari juu ya ramani na kukupa kilometa na muda wa safari papo hapo, bila hata kukuuliza kama ndege ya kwenda huko ipo.

Dada yangu anaishi Calgary, Kanada. Mimi niko Mkonze, pembeni mwa mji wa Dodoma, kwenye nyumba aliyotuachia baba, na mpaka mwaka juzi niliishi humo na mama. Tulizaliwa wawili tu, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho. Alipofika huko alipata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Husimama mahali pamoja, ng'ombe aliyekwisha kupasuliwa anapita mbele yake juu ya mkanda, naye anakata kipande kile kile mchana kutwa. Mama alikulia kwenye boma la baba yake huko Mlali, wilaya ya Kongwa, na kazi hiyo hakuielewa mpaka mwisho. Kila dada alipopiga simu aliulizwa ng'ombe wote hao ni wa nani, na kila mara alijibu kuwa hajui. Mama alisikitika kweli, akidhani mwanawe anakaa na watu wasiotambulishana.

Umbali mama aliupima kwa kulala. Safari ya kwenda na kurudi bila kulala kwa mtu haikuwa safari, ilikuwa matembezi. Enzi za usichana wake walikwenda Mpwapwa kwa miguu, wakalala njiani kwa ndugu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbali. Siku dada anaondoka, tukiwa tumesimama nje ya uwanja wa ndege wa Dodoma, mama alimuuliza, "Utalala wapi njiani?" Dada akamwambia atalala humo humo kwenye ndege, amekaa. Mama akauliza, "Mara ngapi?" Dada akasema labda mara mbili. Hapo ndipo mama alipoanza kulia. Mpaka leo naona ule ndio ulikuwa ukadiriaji sahihi kuliko wote niliousikia kuhusu safari ile, na hakuna aliyeukumbuka siku ulipohitajika.

Mama alifariki Jumanne alfajiri, hospitalini mjini. Alikuwa ameugua figo kwa muda, lakini madaktari walitupa moyo, na dada alikuwa amepanga kuja mwisho wa mwezi. Nilimpigia nikiwa bado nimesimama kwenye korido ya wodi. Kwao ilikuwa bado Jumatatu jioni. Hakupiga kelele. Akasema, "Msimzike kabla sijafika. Nataka kumwona uso. Nipe hilo tu." Nikamwambia sawa. Sikuona ni jambo kubwa. Mama alikuwa anapelekwa chumba cha maiti, chumba kina baridi, na watu hukaa humo hata wiki.

Sikuwa nimeihesabu mvua.

Asiyeishi huku kwetu hawezi kuelewa mvua ya kwanza inavyomfanya mtu mzima. Tuna msimu mmoja tu. Mwaka uliotangulia, ndugu zetu wa Mlali walipanda mara mbili, na mara zote mbili mbegu ilichipua ikakaushwa na jua. Mwaka ule mvua ilichelewa mpaka watu wakaacha kuizungumzia, halafu ikanyesha Mlali Jumapili usiku kucha, na Jumanne asubuhi mama akafa. Kwa hiyo ndugu waliofika Mkonze ile Jumanne mchana walikuja na misiba miwili kichwani. Waliketi kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, wakaniambia pole kwa moyo wote, na macho yao yakawa yanakwenda kwenye mawingu ya upande wa Kongwa. Niliwakasirikia. Halafu nikaona kiganja cha shangazi mmoja kilivyopasuka kwa jembe, nikashindwa kuendelea kukasirika.

Aliyesimamia kikao alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mkulima, mtu mwembamba mwenye sauti ya kanisani. Mjomba hana makuu, ila akishasema neno mbele ya watu, kumrudisha nyuma ni kazi. Aliuliza dada anatoka wapi na atachukua muda gani. Kabla sijafungua mdomo, mtoto wa mama mdogo, ambaye ni afisa katika ofisi moja ya serikali na ambaye simu yake haijawahi kukaa mfukoni, akasema, "Subiri, mjomba, naangalia." Akaandika Calgary, akaandika Dodoma. Akasoma kwa sauti, kama anasoma taarifa kwenye kikao cha kazini: "Umbali ni kilometa elfu kumi na nne na ushee. Muda wa safari, masaa kumi na saba."

Turubai zima likapumua. Nililiona hilo kwa macho yangu. Watu walikaa vizuri kwenye viti.

"Kumi na saba tu?" mjomba akasema. "Mbona ni kama basi la Bukoba? Basi tunazika Alhamisi, saa nane. Atafika, atapumzika, atamwona mama yake."

Nikasema, "Mjomba, hizo saa si za kweli. Hakuna ndege inayotoka huko ikaja hapa moja kwa moja. Wamevuta mstari tu juu ya ramani, wakagawa."

"Wamegawa nini?"

"Umbali kwa mwendo wa ndege. Lakini yeye atapinda. Atashuka Ulaya, asubiri, apande nyingine, ashuke tena, asubiri."

Mjomba akanitazama kwa huruma, nadhani aliona uchungu umenizidi. "Mwanangu," akasema, "gari linapinda kwa sababu kuna mlima na kuna mto. Ndege inapinda nini? Angani kuna kona?"

Watu wakacheka. Kwenye misiba ya kwetu watu hucheka, si dhambi, na mama mwenyewe angecheka. Lakini mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Nikamgeukia yule ndugu yangu mwenye simu, nikamwambia awaeleze, maana yeye amesafiri, anajua. Akasema, "Hii ni data, siyo maneno yangu," akairudisha simu machoni. Nilimtukana, si kwa sauti. Mjomba alikwisha kumtuma mtu kwa mchungaji na mwingine kwa watu wa jeneza.

Jioni ile dada akanitumia tiketi aliyopata. Anaondoka kwake Jumanne jioni, ambayo kwetu ni alfajiri ya Jumatano. Anashuka Ulaya, anakaa pale kutwa, anapanda usiku, anashuka Addis Ababa asubuhi, anakaa tena, anafika Dar es Salaam Alhamisi mchana, na hapo achukue ndege ndogo ya kuja Dodoma. Atalala angani mara mbili. Nilimpelekea mjomba maelezo hayo, nikayasoma kituo kwa kituo, nikaomba maziko yawe Ijumaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwona anatafuta njia, si kwamba hakutafuta.

"Ijumaa siwezi," akasema. "Watu wa Mlali nimewaambia Alhamisi. Wakilala siku nyingine hapa, unyevu unaondoka. Mwaka huu tukikosa, mwanangu, tutakuja kuwaombeni unga nyie wa mjini. Nitasogeza. Badala ya saa nane, ibada ianze saa tisa, kaburini tuwe saa kumi na moja. Saa kumi na moja si atakuwa hapa?"

Kwa hesabu ya tiketi, angekuwa hapa, ila kwa kubanana. Nikamwomba basi jambo moja: kaburi lisichimbwe mpaka dada akanyage Dar. Akasema sawa, tutaona. Nilipaswa kujua kwamba hilo si lake kuliona.

Maana kaburi kwetu lina vijana wake. Hawasubiri kuambiwa. Wakishasikia siku, asubuhi ya siku hiyo wanaanza kabla ya chai, kwa sababu udongo wa Mkonze ukikauka ni kama saruji, na kwa sababu kijana anayechelewa kaburini anasemwa mtaani mwaka mzima. Alhamisi niliamshwa na sururu. Nilitoka na kanga zangu nikawakuta nyuma ya nyumba, kwenye eneo alikozikwa baba, wamefika magotini, wanapokezana kimya kimya. Walinisalimu vizuri, shikamoo dada, pole dada. Ningewaambia nini? Wafukie? Walikuwa wanatufanyia hisani. Nikawapelekea maji, nikarudi ndani nikaketi kitandani kwa mama, na nikaogopa kwa mara ya kwanza. Kaburi likishafunguliwa, siku haisogei tena. Kwetu kaburi halilali wazi.

Dada alipiga simu saa kumi kasoro kidogo, kwa simu ya kuazima, ibada ikiendelea. Nilitoka nje ya kanisa kumsikiliza. Yuko Dar, amefika salama, lakini ndege ya Dodoma haijaruhusiwa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa huku. Nikatazama juu. Mvua ile tuliyoililia miaka miwili ilikuwa imejikusanya juu ya mji, nyeusi tii. Nikamwambia apande treni. Akasema treni iliyopo inaondoka jioni, ataingia Dodoma usiku, bora asubiri ndege. "Uko wapi?" akaniuliza. Nikasema kanisani. Akasema, "Uso wake ukoje?" Nikamwambia amelala tu, amekuwa mdogo, amekuwa kama picha yake ya zamani. Akasema, "Nisubirini." Mwenye simu akaitaka simu yake.

Saa kumi na moja tulikuwa kaburini. Manyunyu yakapita, watu wakajifunika kanga na mifuko ya plastiki, jeneza likawekwa chini ya turubai, na mchungaji akafunga Biblia ndani ya koti. Mjomba alisimama mbele ya watu akasema tunamsubiri mtoto mkubwa wa marehemu. Alisema hivyo kwa ukali, kama kuna mtu aliyebisha. Wakaimba. Walipomaliza nyimbo zinazojulikana, wakaanza tena za mwanzo. Mfuniko wa jeneza niliomba usipigiliwe, na hilo nilipewa. Karibu saa kumi na mbili kwenye simu yangu ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: Tumepanda.

Nikamwonyesha mjomba. Akauliza, "Kutoka Dar mpaka hapa?" Nikasema saa moja angani, na kutoka uwanjani mpaka Mkonze nusu saa kama barabara haina maji. Mjomba akatazama jua. Mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa magharibi na jua lilionekana lote, limeshuka. Hakuhitaji mtandao kwa hesabu hiyo, wala mimi.

"Giza litakuwa limeingia," akasema.

"Tuwashe taa. Kuna magari, tuwashe taa za magari."

"Maziko ya gizani nimeyaona wapi mimi?"

"Basi tumrudishe ndani. Alale na sisi, tumzike kesho asubuhi."

Akina mama waliokuwa karibu waliposikia wakaguna. Mjomba akanishika mkono, akanisogeza pembeni, karibu na lile rundo la udongo. Sauti ya kanisani haikuwepo tena. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyefiwa na dada yake, ambaye sidhani tangu Jumanne kuna mtu aliyemwambia pole kwa ajili yake mwenyewe.

"Shimo likilala wazi linaita mwingine wa nyumba hii," akasema. "Wewe umesoma, huamini. Sawa. Lakini nyumba hii mmebaki wawili. Niambie linamwita nani. Wewe? Au huyo aliye angani kwenye mawingu?"

Siamini mambo hayo. Nimesema hivyo mara nyingi, hata mbele ya mama mwenyewe. Lakini nilitazama yale mawingu, nikaifikiria ile ndege ndogo ndani yake na dada yangu amefunga mkanda, na nikashindwa kusema siamini. Nilichukia kwamba nimeulizwa. Nilimchukia mjomba, nikalichukia shimo, nikamchukia na yule bwana wa simu aliyekuwa amesimama kule amevaa miwani ya jua bila jua. Halafu nikasema, "Zikeni."

Nilimwona mama uso mara ya mwisho, nikajaribu kumwangalia kwa watu wawili. Haiwezekani. Wakapigilia. Wakamshusha kwa kamba, na mkono wa kwanza wa udongo, ambao ulikuwa wa dada, nikautupa mimi, kisha nikautupa na wa kwangu. Vijana wakashika makoleo. Udongo ulikuwa umefika nusu tuliposikia ndege, mapema kuliko tulivyohesabu; kumbe ule ujumbe ulichelewa kunifikia. Ilitokea upande wa mashariki, chini, taa zake zinawaka, ikapita juu ya paa za Mkonze ikielekea mjini. Vijana wakasimama na makoleo mikononi. Mjomba akavua kofia, sijui kwa ajili ya nani, akaivaa tena, akasema, "Endeleeni."

Jirani aliyekuwa amekwenda kumpokea dada kwa gari alirudi mwanga ukiwa bado kidogo. Wengi walikuwa hawajaondoka, walikuwa wananawa mikono. Dada alishuka amevaa koti zito la kwao, uso umevimba kwa kukaa, na akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea kwa mtu aliyetoka mbali vile: akawasalimu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi," halafu akapita kwa wazee, shikamoo, shikamoo, mmoja mmoja, anapiga goti na koti lake linaburuta kwenye matope. Alipofika kwangu hakunikumbatia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza kama chai ipo.

"Mmezika saa ngapi?"

Sikuwa nimepanga lolote. Nilimwona tu akiwa juu yetu, anatazama chini dirishani, anatafuta nyumba yetu kati ya mabati. Nikaona kwamba ataishi na ile ndege maisha yake yote.

"Saa kumi," nikasema. "Ulipokata simu tu. Tuliona mvua inakuja, hatukusubiri."

Watu zaidi ya hamsini walikuwepo pale na kila mmoja wao alijua. Nilimwogopa mjomba, mtu asiyependa uongo, ambaye alisimama kwenye manyunyu saa nzima akiwalazimisha watu waimbe, na sasa namfanya mbele ya mpwa wake mtu asiye na subira. Alikohoa.

"Saa kumi, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekataa kusubiri. Unilaumu mimi."

"Saa kumi, dada," akasema yule mtoto wa mama mdogo, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuangalia simu. Nyuma yake akina mama nao wakaitikia, saa kumi, saa kumi, kama wanaitikia sala.

Dada akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata, na mjomba akanifuata. Ardhi yote ya pale ilikuwa na vitobo vidogo vya manyunyu ya saa kumi na moja, majani yote yalikuwa yamelowa, hata kaburi la baba. Tuta la mama lilikuwa kavu juu, udongo mwekundu uliotoka kugeuzwa, hauna alama ya tone hata moja. Dada ni mtoto wa mkulima. Alichuchumaa akaweka kiganja juu ya ule udongo, akakiacha hapo. Nikamtazama mjomba, naye alikuwa ameona nilichoona.

Dada akasimama, akapangusa kiganja kwenye koti. Akarudi kule mbele kwa watu, macho makavu, akapita tena kwa kila mmoja kama alivyopita akisalimia, akampa kila mmoja mkono, akawashukuru kwamba walimzika mama mapema, kabla mvua haijamnyeshea.